Ukungu Uliopewa Jina la Mke Mwenzangu

Tangu nizaliwe sijawahi kumwonea mtu wivu. Bi Maryamu simhesabu.

Bi Maryamu ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu, Mzee Mhina, alimjengea yeye Handeni, karibu na mashamba ya mahindi, na mimi akanijengea hapa Kilole, Korogwe mjini. Juma moja kwake, juma moja kwangu. Akinunua doti ya kanga huku, kesho yake inaonekana doti nyingine kule. Sukari aliipima kwa kikombe kimoja, akakichora alama kwa msumari asije akamdhulumu mtu. Uadilifu wake ulifika mahali ukawa kero: mwaka nilipougua malaria nikachomwa sindano, nusura ampeleke na mwenzangu akachomwe.

Sasa ni miaka sita hayupo, Mungu amrehemu. Alichoshindwa kukigawa ni wajukuu. Mimi ninao saba, na wote ni hodari wa kula. Bi Maryamu anao wachache, lakini mmojawapo ni Husna.

Husna yuko chuo kikuu Dar es Salaam, anasomea shahada ya pili. Ni mtoto wa binti yake Bi Maryamu, hilo silikatai, vyeti vipo. Lakini miaka minne ya sekondari alilala kwangu, kwa sababu shule ilikuwa huku. Uji wa asubuhi niliupika mimi. Chawa nilimtoa mimi. Siku alipofeli hesabu nililia mimi, yeye alikuwa amelala. Ila mtu akiuliza huyu msomi ni mjukuu wa nani, jibu linapanda basi linakwenda Handeni.

Basi, Ijumaa moja ya mwezi wa sita akaingia uani kwangu na boksi la barafu begani, jekundu, kama yale ya wauza samaki. Alikuwa anatoka Tanga, kwenye mikoko, alikokaa majuma matano.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeniletea samaki?"

"Hapana, bibi. Nimeleta ukungu."

Nikamtazama vizuri nione kama ana homa. Mimi ukungu ninao. Masika unaota mpaka kwenye viatu vya Idi. Kumbe kuna mtu anatoka Dar es Salaam, anaupita wa kwangu, anakwenda kuufuata mwingine Tanga, na chuo kinamlipia nauli.

Akafungua boksi juu ya meza. Mlikuwa na visahani vya plastiki vyenye vifuniko, kumi na viwili, kila kimoja kimezungushiwa nailoni nyembamba ya kuvutika. Ndani yake kuna kitu kimeganda kama jeli ya watoto, na juu ya ile jeli ukungu umekaa kama bibi harusi kwenye mkeka.

"Jeli hii inatokana na mwani," akasema Husna. "Nimeichanganya na maji ya bahari. Hawa wamezoea chumvi, bibi, ukiwanyima wananuna."

"Na unawaokota wapi?"

"Kwenye vijiti vya mikoko vilivyooza majini. Wengine kwenye majani yanayoota chini ya bahari."

Nikamwambia mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, anieleze kwa lugha ya darasa la saba. Akavuta kigoda akakaa. Hilo nampendea, Husna hakuelezi jambo akiwa amesimama.

"Chukua kijiti kimoja, bibi. Kimelala kwenye tope la chumvi. Viumbe chungu nzima wanakigombea, vijidudu, ukungu wa aina aina. Sasa huyu ukungu hana meno, hana kucha, na hawezi kukimbia. Atajilindaje?"

"Kwa mdomo."

"Karibu na hapo. Anatengeneza kemikali zake, anazimwaga pembeni, jirani asisogee. Hizo kemikali ndizo tunazozitafuta. Ikipatikana inayoua vijidudu vya ugonjwa bila kumdhuru mgonjwa, huenda siku moja ikawa dawa."

"Kwa hiyo ni kama wake wenza kwenye chumba kimoja."

"Bibi."

"Nimesema nini? Sisi tulijengewa nyumba mbili."

Akacheka, akaniambia kwamba hospitalini kuna sindano, ile ya unga unaochanganywa na maji kwanza, na ukoo wa dawa hiyo ulianza na ukungu uliopatikana baharini huko Italia, pale bomba la maji machafu lilipomwaga. Nikasikitika sana. Mtaani kwetu juzi tu tumezibua mtaro, na hakuna aliyekuja kuuliza kama mna dawa.

Nilichokuja kukiona baada ya hapo ndicho kilichoniharibia Ijumaa. Juu ya kila kifuniko palikuwa na kipande cha utepe mweupe chenye jina. Nikasoma cha kwanza: Mhina. Cha pili: Sabiri, yule mjomba wake. Cha tatu: Mustafa.

"Namba zilikuwa zinanichanganya," akasema. "Nikawapa majina ya watu wa nyumbani. Sasa huyu hapa ndiye nyota." Akanyanyua kisahani kimoja kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika yai. Kimeandikwa Maryamu.

Akatoa simu akanionyesha picha ya jaribio alilolifanya Tanga. Sahani nzima ilikuwa imejaa vijidudu, imepauka kama maji ya mchele, ila pale ulipokaa ukungu wa Maryamu palizungukwa na duara safi, kama uwanja uliofagiliwa asubuhi.

"Vimekimbia?" nikauliza.

"Vimekufa."

"Na kwa nini ukaupa jina la bibi yako wa Handeni?"

"Kwa sababu siku za mwanzo ulikuwa umetulia, mpole, nikadhani hauna kitu. Halafu ukaamka, na kila aliyekuwa jirani akaisha."

Hapo nikakubali kwamba pesa ya ada haikupotea. Hivyo ndivyo alivyo Bi Maryamu hasa. Nimemjua miaka arobaini na minne.

"Na mimi je?"

"Upo, bibi. Ningekuachaje?"

Akanipa kisahani cha mwisho kabisa, cha chini. Hajira. Ukungu wenyewe mweupe, wenye manyoya kama pamba ya mto. Nikautazama, nikautazama na ule wa Maryamu. Weupe ule ule, manyoya yale yale, ukubwa ule ule. Nikaomba na picha ya jaribio langu. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka mlangoni kwangu, vimenizunguka kama wageni waliokuja kuomba chumvi.

"Huu unafanya nini?"

Husna akakuna shingo. "Bado hatujajua. Kwa vijidudu hivi, haufanyi kitu. Lakini kuna majaribio mengine Dar, nimeshawapelekea maji ya kila mmoja kwenye vichupa. Tunasubiri."

"Haufanyi kitu," nikasema.

"Kwa vijidudu hivi, bibi."

Mwisho wa maelezo akaniomba nafasi kwenye friji. Mimi nauza barafu na juisi ya ukwaju, friji ninalo. Handeni kwa Bi Maryamu hakuna friji, na ningependa hilo likumbukwe. Nikamwondolea juisi rafu nzima ya chini. Akapanga visahani vyake, akaniusia kwa kidole kama vile yeye ndiye bibi: nisivifungue hata kidogo, hewa ya jikoni ina ukungu wake, ukiingia mle kazi ya majuma matano imekwenda. Visahani vya Maryamu na Hajira hana vingine popote. Atarudi Jumatatu, apitie, aende Dar. Akanywa juisi, akapanda basi la Handeni.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Bi Maryamu.

"Hajira mwenzangu, hujambo?"

"Sijambo. Huyo mtoto amefika?"

"Amefika, nimemchinjia kuku. Ameniambia mambo makubwa. Nasikia huko kwenye visahani mimi naua."

"Nimeona."

"Na wewe umo."

"Nimo."

"Nasikia wewe umekaa tu."

"Huku mjini tunakaa, Maryamu, kwa sababu viti tunavyo."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Usijali, mwenzangu. Kukaa nako ni kazi." Kisha akaniomba nimwangalizie asipate joto.

Nimwangalizie. Yeye. Ndani ya friji langu, kwenye rafu niliyoiondolea juisi, kwa umeme wangu. Nikakata simu, nikasimama mbele ya friji muda mrefu. Wateja wawili wa barafu waligonga geti wakaenda zao.

Naomba nieleweke. Sikuwa na nia ya kuiba. Nilifikiri kama alivyotufundisha Mzee Mhina: cha kugawa kigawiwe, na kisichogawika kiende kwa zamu. Bi Maryamu amekuwa nyota tangu Tanga, majuma matano mfululizo. Hata kanga ya Idi hakuna aliyewahi kuivaa majuma matano bila mwenzake kupata. Tena ukungu wenyewe ni mweupe wote wawili. Nani angedhulumiwa? Ukungu haujui unaitwaje.

Nikanawa mikono kwa sabuni, maana mimi si mshenzi. Nikavitoa vile visahani viwili, nikavitua mezani, nikabandua ile nailoni. Moyo unanidunda kama mwizi wa kuku. Nikainua kifuniko cha Maryamu kwa mkono wa kulia na cha Hajira kwa mkono wa kushoto.

"Hodi, bibi."

Naanyu alikuwa ameshaingia jikoni. Huyu ni mama wa Kimasai anayeniletea maziwa kila siku. Mumewe Lesiamon anachunga upande wa Handeni, yeye anauza huku. Akatua kidumu chake akanitazama nilivyosimama na vifuniko viwili hewani kama mpiga matari.

"Unafanya nini?"

"Nabadilisha vifuniko. Hiki kinachofanya kazi kilikuwa na jina la mke mwenzangu. Sasa ni zamu yangu."

Nikavishusha, cha huyu kwa yule. Naanyu akasogea, akainama akachungulia, akachekea kiganjani.

"Kwetu," akasema, "ng'ombe ukimvalisha kengele ya mwenzake, maziwa hayabadiliki."

"Kwenu mna ng'ombe. Hapa tunazungumzia sayansi."

"Haya."

"Na usimwambie mtu."

"Mimi nauza maziwa, bibi. Maneno siuzi."

Nikazungusha nailoni upya. Haikukaa kama mwanzo, ilijikunja upande kama soksi iliyolegea, lakini nikasema nani atakagua soksi. Na siku ile nzima nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Kila aliyekuja kununua barafu nilimwambia kwamba mle ndani kuna ukungu wa baharini unaoua vijidudu, na jina lake ni Hajira. Fundi cherehani wa jirani, Loveness, akauliza kama anaweza kuupaka kwenye fangasi za miguu. Nikamwambia bado, sayansi haina haraka. Niliona nimejibu vizuri sana, na pengine darasa la saba la zamani lilikuwa sawa na chuo cha sasa.

Jumapili ikapita.

Jumatatu Husna akarudi asubuhi, mapema kuliko alivyoahidi, mbio mbio, viatu vimejaa vumbi. Naanyu alikuwa amekaa kwenye kigoda ananipimia maziwa. Husna hakusalimia vizuri, alinikumbatia tu akaninyanyua kutoka chini, na mimi si mwepesi.

"Bibi, mwalimu wangu amenipigia jana. Dokta Simeo. Matokeo ya vile vichupa yametoka."

"Vichupa gani?"

"Vile nilivyotuma Dar. Wamejaribu kwenye chembe za saratani, zile zinazooteshwa kwenye chupa maabara. Vichupa kumi na kimoja havikufanya lolote. Kimoja kimezizuia kukua. Unajua ni nani?"

Nikadhani najua. Nikaanza kununa mapema.

"Ni wewe, bibi. Ni Hajira."

Naanyu akaacha kumimina.

"Maryamu ni mzuri," akaendelea Husna, na machozi yanamlengalenga, "lakini wanaoua vijidudu kama yeye tunao wengi, wengine wanajulikana tayari. Hajira ndiye mgeni. Ni dalili tu, bibi, usiende kumtangazia mtu, mpaka iwe dawa ni miaka na miaka na huenda isiwe. Lakini Dokta anamtaka leo hii, aoteshwe upya kesho asubuhi. Hawa wengine watafuatwa na gari la chuo juma lijalo. Mimi namchukua Hajira peke yake, basi langu ni saa nne."

Akaenda kwenye friji, akapiga goti, akapitisha kidole kwenye vifuniko, akatoa kile kilichoandikwa jina langu. Akakitia kwenye kiboksi kidogo alichokuja nacho. Akafunga.

Mimi nikasimama pale. Nataka mnielewe nilikuwa wapi. Kwenye kile kiboksi, chini ya jina langu, alikuwa amelala Bi Maryamu. Anakwenda Dar es Salaam, anakwenda kwa Dokta Simeo, anakwenda kuoteshwa kwa heshima, na mimi mwenyewe nimebaki kwenye friji nimevaa kofia yake. Na kesho wakimpima wakamkuta hana lolote la saratani, watasema Hajira alikuwa bahati mbaya ya vichupa, watamtupa. Nimejitupa kwa mikono yangu miwili, iliyonawa kwa sabuni.

Na mtoto mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, anatabasamu.

"Husna," nikasema. "Hebu subiri. Mimi ningekuwa wewe ningemchukua na Maryamu."

"Kiboksi kina nafasi ya kimoja, bibi."

"Basi mwache Hajira. Mchukue Maryamu."

Akanitazama. "Bibi, umesikia nilichosema? Hajira ndiye anayetakiwa."

"Nimesikia. Mchukue Maryamu."

"Wewe? Unaniambia nimwache Hajira nimchukue Maryamu?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu anayenijua miaka yote hiyo hawezi kuamini kwamba nimempisha Bi Maryamu mbele yangu. Husna akafungua kiboksi taratibu. Akakitoa kisahani, akakiinua usawa wa macho, akaitazama ile nailoni iliyojikunja. Kisha akafanya jambo ambalo Ijumaa hakunionyesha. Akakigeuza chini juu.

Kwa chini, kupitia plastiki, ule ukungu mweupe ulikuwa na rangi ya kutu, rangi ya udongo wa Handeni kabisa.

Akarudi kwenye friji, akatoa kile cha Maryamu, akakigeuza nacho. Kwa chini kilikuwa cha manjano mepesi, kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi. Akaviweka mezani vyote viwili migongo juu.

"Usoni wanafanana," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana tunawatazama mgongoni. Mwenye kutu ni Maryamu. Bibi, umevifungua?"

"Nani, mimi?"

"Umevifungua?"

"Hilo friji sijalifungua tangu ulipoondoka."

Husna akatazama mfuko wa barafu uliokuwa kwenye karai mlangoni, ndio kwanza unaanza kutoa jasho. Akavuta kigoda kilichobaki akakaa, akashika kichwa.

"Kama kuna kitu kimeingia mle," akasema, "itabidi nimtenge upya, nimsafishe, juma, majuma mawili, na akifa hakuna mwingine. Sikasiriki, bibi. Nataka kujua tu vilikuwa wazi muda gani, na palikuwa na nini mezani. Niambie ukweli nitajua pa kuanzia."

Ulikuwa mlango mpana na alikuwa ameushikilia wazi. Mtu mwenye akili angepita. Lakini nikamwona Bi Maryamu anavyopokea habari hii kwa simu, nikasikia kicheko cha puani, na mdomo wangu ukaenda zake.

"Umeme ulikatika juzi," nikasema.

"Umeme ukikatika hauhamishi vifuniko."

"Panya wa huku huwajui."

"Bibi." Akainua uso. "Kama hukuvigusa, umejuaje kwamba Hajira yumo kwenye kisahani cha bibi Maryamu?"

"Nimeota."

"Umeota."

"Jumamosi. Nimemwona Mzee Mhina, amevaa kanzu yake nyeupe, amenyoosha kidole kwenye friji, akasema, Hajira, mambo ya humu yamegeuka. Nikaamka natetemeka. Wala sikuificha ndoto yenyewe, Naanyu hapa ni shahidi, alipoleta maziwa asubuhi nilimsimulia yote. Mwambie, Naanyu."

Naanyu akamalizia kumimina, akafuta mdomo wa kidumu kwa kidole gumba, akafunga mfuniko ukakaza.

"Mimi ulinisimulia vifuniko, bibi," akasema. "Ndoto hukunisimulia."